Nyuki Kwenye Kope za Mwanangu

Nyuki walikuwa wanatembea kwenye kope za mwanangu mchanga, na mimi mama yake nilikaa nawaangalia tu.

Sikuwafukuza. Sikupiga kelele. Hata mkono sikuinua.

Kabla hujanitukana, soma mpaka mwisho.

Ilikuwa mwaka 1974, Singida, maporini upande wa Rungwa. Kipindi kile watu waliokuwa wanaishi mbalimbali walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mke mbichi wa Laurian, mrina asali, na mtoto wetu Urbano hata shingo ilikuwa bado haijakaza.

Tulikaa na mama mkwe, Mama Theodora. Huyo mama alinipa shida kweli kumwelewa.

Kila asubuhi, kabla hajashika jembe wala kuni, alikaa nje ya nyumba, mkono tumboni, macho kafumba. Hasali, hasinzii. Anavuta pumzi kwa pua, anaiachia polepole. Ukimwamkia hajibu mpaka amalize.

Majirani walishapitisha hukumu kwamba ni mchawi. Na mimi, kusema ukweli, nilikuwa namkwepa.

Halafu maziwa yakanikauka. Habari za kuhamishwa zilinikaa kifuani, sili, silali, mtoto analia njaa, na hasira zote namalizia kwa Laurian. Ndipo mama akaniita nikae pembeni yake.

Akanieleza kwamba kwenye ukoo wao wa warina asali, mtu haruhusiwi kusogelea mzinga kabla hajakaa kwanza na pumzi yake, kwa sababu nyuki wanamjua mtu mwenye hofu. Mawazo yakija usigombane nayo, yaache yapite, rudi kwenye pumzi.

Nilicheka kimoyomoyo, ila nilikaa. Kesho yake tena nikakaa.

Sijui niseme nini jamani. Usingizi ulirudi, maziwa yakarudi, na Laurian akaanza kuniuliza kama naumwa, mbona simgombezi siku hizi.

Wajukuu wangu sasa wanaita meditesheni. Sisi hata jina hatukuwa nalo.

Basi, lori likaja kutuhamisha.

Mzinga wenye nyuki unahamishwa jua likishazama, nyuki wote wakiwa wamerudi ndani. Kila mrina anajua hilo. Laurian akamwomba mkuu wa msafara tusubiri jioni. Mkuu akasema gari lina safari nyingine, mizinga ipakiwe sasa hivi au ibaki porini.

Mizinga ndiyo ilikuwa maisha yetu. Laurian akaziba midomo ya mizinga kwa majani mabichi, akaifunga juu ya mizigo mchana kweupe, jua la utosini. Mama alitingisha kichwa.

Laurian alikaa mbele na dereva. Nyuma tulikuwa mimi na mtoto, mama, na majirani wachache.

Kwenye korongo moja lori likaruka vibaya. Mzinga mmoja ukadondoka, ukapasuka katikati yetu.

Majirani waliruka hata kabla gari halijasimama. Dereva akasimamisha gari, akatimka porini. Laurian alijaribu kupanda nyuma atufikie, nyuki wakamshukia usoni, akaanguka chini.

Mimi nilikuwa nimebanwa. Gunia la mtama lilikuwa limeniangukia miguuni, na mtoto nimempakata.

Wakaanza kutua. Mikononi, shingoni, halafu kwenye uso wa Urbano. Alikuwa amelala. Nilijua akiamka akalia, nampoteza.

Mama akaniinamia sikioni.

"Selina, pumzi yako ndiyo pumzi yake. Usitikisike."

Nikavuta kwa pua, nikaachia. Hofu ikaja, nikaiacha ipite. Nikaumwa shingoni, machozi yakanitoka, mkono nikauacha pale pale. Nyuki mmoja akavuka kope za mtoto, akaelekea puani. Nikavuta tena.

Na bado walikuwa wanazidi kutoka kwenye ule mzinga.

Mara mama mkwe, mtu aliyenifundisha kutulia, akapiga yowe. Akavua kitenge cha mabegani, akawa anakipunga ovyo kama kachanganyikiwa, akaruka chini na kukimbilia porini huku anapiga kelele.

Iliniuma kuliko sumu ya nyuki. Nikasema moyoni, kumbe yote yale yalikuwa maneno tu. Ametuacha.

Ila mvumo ukaanza kupungua. Kundi zima liliinuka, likamfuata. Wachache waliobaki usoni mwa mtoto wakatembea kidogo, kisha wakaruka mmoja mmoja. Urbano hakuumwa hata mahali pamoja.

Laurian alimkuta mama yake amejitupa kwenye tope la kisima, uso umevimba, hafungui macho.

Kwenye kijiji kipya nilimuuguza nikiwa na kinyongo. Siku alipoweza kuzungumza, nikashindwa kuvumilia.

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kutulia. Mbona siku ile ulipagawa?"

Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

"Nyuki wanamfuata anayekurupuka, mwanangu. Wale walikuwa wengi, pumzi yako peke yake isingetosha. Ilibidi mmoja wetu akurupuke, na wewe ulikuwa na mtoto." Akapumzika kidogo. "Siku ile nilikuwa nimetulia kuliko siku yoyote ya maisha yangu."

Nililia mpaka nikaishiwa nguvu. Nilimshika miguu nikamwomba msamaha, na yeye akaniuliza tu kama mtoto ameshanyonya.

Jicho lake la kushoto halikuona tena mpaka anakufa. Sikuwahi kumsikia akilalamika.

Wewe unayeamka moyo mbio, unagombana na kila mtu nyumbani, kaa kidogo na pumzi yako kila siku, hata wakikucheka. Hutulii ili watu wakuone mpole. Unatulia ili siku mambo yakiharibika uchague mwenyewe cha kufanya, woga usikuchagulie.