Chumvi ya Majivu ya Shangazi Feza

Siku hizi chumvi inatoka dukani, nyeupe, ndani ya mfuko, na hakuna anayejali aliyeitengeneza. Shangazi yangu Feza wa Lusangi alikuwa mtu wa mwisho kijijini kuipika kwa majivu. Alikata majani ya kinamasi, akayaanika, akayachoma, akatia majivu katika chungu chenye matundu chini, kisha akamwagia maji polepole. Maji yaliyodondoka aliyachemsha mpaka ibaki chumvi ya kijivu. Kila mara alichovya kidole na kuonja. Kipimo kingine hakikuwapo.

Mwaka wa 1955 alianza kukonda. Alimaliza mtungi wa maji kwa siku, na sisimizi walijaa pale alipokojoa. Hospitalini, mjini Kasongo, walisema ni ugonjwa wa sukari, wa miaka mingi, na figo zimeanza kuharibika. Kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba, daktari alimkataza chumvi.

Njiani tukirudi nyumbani aliniuliza, "Weye musomi, ni chumvi gani wanasema?"

"Ya duka, shangazi. Yako ni majivu tu."

Akacheka. "Basi muzungu amenikataza kitu chake mwenyewe! Miye hiyo sikulaka hata siku moja."

Nilikuwa nimejifundisha kusoma kwa vitabu chakavu vya misioni, nikajiona najua. Shangazi naye aliamini maneno yangu. Akaizidisha chumvi yake kwenye kila chakula, akidhani sasa ni dawa.

Baada ya mwezi mmoja miguu ilikataa kumbeba. Moyo ulipiga, ukasita, ukapiga tena. Tulimbeba hadi hospitalini kwa kipoyi, machela ya kubebwa mabegani, wanaume wanne tukipokezana. Hippolyte, muuguzi wa kwetu, alimuuliza anakula nini. Aliposikia jibu alishika kichwa.

"Mama, ile ya majivu ndiyo mbaya zaidi kwako! Imejaa potasi. Figo nzima zinaitoa kwenye mukojo. Zako zimechoka, inabaki mu damu, inakamata moyo. Ukiendelea utakufa mbele ya mvua kuanza."

"Mama yangu aliikula mpaka akazeeka."

"Mama yako alikuwa na figo."

Shangazi alitazama kidole chake cha kuonjea. "Niipike bila kuonja?"

"Uache yote. Hata majani ya muhogo, sombe yako, uichemshe, umwage maji."

Nilimsihi akubali. Aliniangalia bila hasira, na hiyo iliniumiza zaidi. Akakubali.

Moyo wake ulitulia, akaweza kutembea hadi kisimani. Mpishi mpya wa chumvi ya kijiji akawa jirani yetu Ernestine, na shangazi akakaa kando kumwelekeza.

"Iko kali namna gani?"

"Sijui, mama. Iko kali tu."

"Kali ya kuuma ncha ya ulimi, ao ya kushika koo?"

"Mama, ulimi ni wangu, lakini maneno haya sina!"

Wakacheka wote wawili. Chumvi iliungua. Waliharibu vyungu vitatu, kisha Ernestine akasema kwa upole kwamba mume wake anapita Kasongo kila wiki, na duka haliunguzi kitu.

Shangazi aliishi miaka mitatu zaidi. Watu walinisifu kwamba nilimwokoa. Kila jioni alikula sombe yake isiyo na ladha, akitafuna kwa uchovu kama mtu anayefanya kazi ya serikali, nasi tulikaa naye kwenye mkeka huo huo, tukinyunyizia mabakuli yetu chumvi ya duka.