Kaa Aliyeolewa Kizimkazi

Juzi jirani yetu hapa Kikwajuni alinionesha stika za hina. Unabandika mguuni, unapaka juu yake, unabandua, ushakuwa bi harusi. Nikalitazama ua lenyewe. Wallahi, ua lile halijapata kuota popote: jani limechomoza katikati ya petali na shina limetokea hewani. Nikacheka mpaka jirani akaniuliza kama urojo wa mchana umenipanda kichwani. Hakujua kuwa nilikuwa nishafika mbali, kwa bibi yangu.

Bibi alikuwa fundi wa hina. Miguu ya wanawake wa mtaa mzima imepita mapajani mwake. Nyumba yake ilinukia hina na ndimu, na siku zisizo na skuli mlio wa kinu chake ndio ulioniamsha. Kalamu yake ilikuwa kijiti cha ukuti kilichochongwa ncha, na mimi, kitoto cha darasa la pili, nilikililia kijiti kile kuliko peremende.

"Macho kwanza, mke mwenzangu," akinambia. "Mkono utafuata."

Bibi zetu hutuita wake wenza kwa madai kwamba tunawanyang'anya babu. Babu mwenyewe hana hata jino moja, lakini vita ni vita.

Basi Jumamosi akinichukua Mtoni, ufukweni karibu na magofu ya kasri, na mkate wa ufuta na chupa ya chai ya mchaichai. Akiokota jani la mti wa mkungu, ananikalisha mbele yake nitazame mishipa inakotoka na inakokwenda. Jani lilinishinda. Jani halina vituko! Macho yangu yakihamia kwa kaa. Kaa anatoka shimoni, anasimamisha macho kama mbea dirishani, kisha anatimka upande upande kama aliyeitwa kuosha vyombo. Huyo ndiye mwalimu wangu.

Nikimchora mchangani. Bibi anakuja, anainama, anatazama, halafu anafuta kwa unyayo.

"Huyu kaa au buibui? Na magando yake mbona sawasawa? Rudi ukamtazame."

Nikirudi. Kweli, gando moja nene, jengine jembamba. Nachora, anafuta. Nachora, anafuta. Nikauchukia unyayo ule kama mtihani wa hesabu. Mpaka siku moja akauinua, akautua pembeni, akaenda zake kunywa chai. Kaa wangu alifutwa na maji ya bahari, na hilo kwangu lilikuwa cheti.

Ndipo shangazi akaposwa na kijana wa Kizimkazi. Shangazi ndiye binti wa mwisho wa nyumba yetu. Nikikikosa kijiti siku ile, basi tena. Niliosha vyombo bila kuitwa mpaka mama akanipima homa.

Siku ya hina, shangazi alilazwa mkekani, kajifunika kanga usoni. Pembeni yake alikaa somo, yule mama anayemfunda bi harusi, anasinzia na upepeo mkononi. Mguu wa kushoto Bibi alishaujaza maua, akabakisha nafasi juu ya kifundo. Wa kulia ulikuwa bado mtupu. Ikaadhiniwa alasiri.

"Mke mwenzangu!"

"Abee."

"Nnakwenda kusali. Hapo nimekuachia wewe. Chora kitu kimoja unachokijua khasa, usinitie aibu."

Alimaanisha jani. Kila mtu angelijua alimaanisha jani. Lakini mimi nilichokijua khasa kilikuwa kimoja tu.

Hina ilishaanza kukauka somo alipozinduka.

"Yarabi! Bi harusi katiwa mdudu!"

"Mdudu gani? Yuko wapi?" Shangazi akarusha kanga, akaanza kupiga mateke.

"Tulia, shangazi, utamvunja miguu!"

"Bwana harusi akimwona huyu atarudi kwao mbio," somo akalia.

"Kwao Kizimkazi kaa tele," nikasema. "Atamwamkia tu."

Somo akavua kandambili. Aliponikaribia, Bibi akaingia na kanga yake ya kusalia. Somo akaishusha kandambili. Hina si mchanga, haifutiki. Bibi akainama, akatazama. Mimi nilikuwa nikiutazama unyayo wake.

Akanipokonya kijiti, akaketi, na kwenye ule mguu mtupu akachora kaa wa pili, amemwelekea wa kwangu.

"Na wewe tena, Bi mkubwa?" somo akauliza.

"Mmoja ndiye mdudu," Bibi akasema. "Wawili ni pambo."

Kaa wale wakaenda Kizimkazi na shangazi. Inasemekana mumewe alicheka mpaka mama mkwe akaja kubisha mlango. Kisha wakapauka, wakatoweka, kama hina zote. Hakuna aliyewapiga picha; miguu ya bi harusi haipigwi picha hovyo. Sasa macho ya Bibi yamezibwa na ukungu, kinu kinawekewa vitunguu, na mabibi harusi wa mtaani wanabandikwa maua yaliyoota hewani.

Baada ya kutoka kwa jirani nilimwendea Bibi. Nikakoroga hina, nikachonga kijiti, nikakamata kiganja chake. Akawa anaifuata ncha kwa ngozi.

"Unanchora nini, mke mwenzangu?"

"Jani la mkungu, Bibi."

"Muongo," akasema. "Tangu lini jani likawa na magando? Na hilo la kulia, linenepeshe."