Kengele ya Mbwa ya Walikale

Wajukuu yangu wanacheka wakisikia nilifanyiaka muntu wivu juu ya mbwa. Wacheke. Mimi niliolewa kwa heshima, ng'ombe za mahari yangu zilijaza kiwanja ya baba kule Ngungu. Mbwa kunizarau, iliniuma.

Ilikuwa wakati wa Wabeleji. Bwana yangu alikuwa ametoka kutengeneza barabara Walikale, akarudi kwetu Kibabi na mbwa mukubwa, dume, rangi ya udongo, masikio wima. Mwenye mbwa alikuwa muwindaji, alikufa, na watu wa kambi wakawa wanaifukuza na mawe. Shingoni ilikuwa na kengele ya muti, kubwa sawa ngumi yangu, imejaa majani ndani.

"Mama, hii iko yako," bwana yangu akasema. "Lakini ikitetemeka hivi mpaka tuvune maharagi, nitairudisha kule kule."

"Itakaa. Nani alishakula kwangu akakimbia?"

Nikatoa yale majani, nikaosha kengele, nikaipaka mafuta. Nilitaka kilima yote isikie mbwa yangu inapita. Nikaipa maziwa mazito, hata mama mukwe hakupata vile. Ilikunywa ikinitazama kwa pembeni. Ikitikisa tu kichwa, kengele inalia koto-koto, mbwa inaruka, inaingia mu mihogo, inazunguka huko peke yake, inarudi ulimi inje, miguu inatetemeka. Ndama zikaogopa, zikakata kamba. Jirani akaniita juu ya lupango, ua yetu ya miti: "Mama wa ng'ombe mingi, leo unachunga mbwa?"

Sasa, mu kiwanja yetu kulikuwa muke wa mudogo wa bwana yangu. Musichana wa Walikale, mwembamba kama fito, mahari yake mbuzi na chumvi tu. Huyo hakuipa mbwa hata mufupa. Anatwanga sombe, majani ya mihogo, mbwa inakuja inalala kwenye miguu yake. Kwenye miguu yake!

"Umeipa dawa gani?" nikamuuliza.

"Hakuna dawa, dada. Naongea nayo luga ya kwetu."

"Na maziwa yangu, haiongee?"

Akacheka, muchi wake haukusimama. "Dada, nani alitoa majani mu kengele?"

"Mimi. Ilikuwa uchafu."

"Aah, dada! Kwetu majani njo inazibaka kengele, ikae kimya. Muwindaji akiyatoa, anaambia mbwa: twende, nyama iko mbele. Mbwa ya kwetu haibweke, kengele njo sauti yake. Wewe unaituma kuwinda kila saa, ikigeuka nyuma haioni muntu. Inafikiri muwindaji wake amekufa tena."

Akaacha muchi, akafungua kamba ya kengele shingoni. Mbwa ikajitikisa: kimya. Ikajitikisa tena, ikapiga miayo, ikalala pale pale kwenye jua, tumbo juu. Sikuwahi kuona tumbo yake.

Tulipovuna maharagi, bwana yangu akaitazama. "Basi, imepata nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Akanyoosha kidole. Mbwa ilikuwa imelala kwenye mulango ya yule musichana.

Nilichukua kengele, nikaitundika juu ya kitanda yangu. Mbwa, musichana aikamate; kengele niliiosha mimi.

Halafu nguruwe ya pori ikaanza kuchimba mihogo. Wanaume wakakusanyika na mikuki, musichana akafika kwenye mulango yangu, sauti chini. "Dada, tunaomba kengele."

"Leta mbwa. Nitaifunga mwenyewe."

Mbwa ikaona kengele mu mukono yangu. Ikakuja mbio, ikasimama mbele yangu mimi, ikanipa shingo. Haikutetemeka hata kidogo. Nikafunga kamba, nikafungua, nikafunga tena.

"Dada, watu wanangoja."

"Wangoje," nikasema, vidole vyangu ndani ya manyoya yake.