Gari ya Spoti Badala ya Ng'ombe za Dada

Wasomaji wa ukurasa huu, nawasalimu wote. Jina langu mlifiche. Hata la huyo mjinga nitawaelezea mlifiche, ingawa yeye akijisoma hapa atanunua magazeti agawie watu. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, kwetu ni upande wa Amukura, shule niliachia darasa la nne. Nabeba watu na baiskeli pale border ya Malaba. Kuongea sijui. Naangalia tu.

Kwetu ng'ombe za mahari ya dada ndizo kijana anaoa nazo. Mimi niko na dada mmoja, na msichana wangu yuko Marachi, anangoja hizo ng'ombe. Sasa dada amepata mtu. Ni ajenti wa kupitisha malori forodha, anavaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Ameleta gari ya spoti kutoka Dubai, nyekundu, milango mbili, iko chini mpaka kuku zetu zinaiangalia kutoka juu. Anasema ng'ombe hana, hiyo gari ndiyo atatoa mahari.

Papa, baba yetu, akataka kuionja kwanza. Tukaenda mpaka Busia, tukashika lami ya Bumala. Papa mbele, mimi nyuma nimekunjwa kama mwavuli. Jameni, hiyo gari inapiga kelele. Unakaa chini mpaka unaona lami inakimbia karibu na sikio, na kiti yote inatetemeka. Papa akashika kofia na mikono mbili, akafunga macho. Huyo bwana naye anaimba namba zake, ati kutoka kusimama mpaka mia ni sekunde sita, ati nguvu yake ni farasi mia mbili. Papa, ambaye hajawahi kuona farasi hata moja, anaitikia, ndiyo, farasi.

"Saa hii tuko ngapi?" Papa akauliza.

"Mia na sitini, mzee. Wewe tulia tu."

Nikachungulia katikati ya mabega yao. Mshale wa spidi uko kwa themanini. Nikafikiri labda umekwama. Hapo hapo pickup ya kubeba nyanya za soko, kuukuu kabisa, ikatupita, mama mmoja amekaa juu ya makreti anakula mua. Hata kutafuna hana haraka. Huyo bwana akatingisha kichwa, akasema dereva wa hiyo pickup anatafuta kifo. Papa akamwombea.

Na kitu inaniudhi zaidi ni hii: hata mimi, macho inasema themanini lakini tumbo inasema mia mbili.

Jioni wazee wakakaa kwa nyungu ya pombe. Kila mara mrija ukirudi kwa Papa, mwendo wa gari kwa hadithi yake unaongezeka. Pombe ikiisha tulikuwa tumepita mia mbili na ndege imeachwa nyuma. Baba wadogo wote wakakubali gari. Hakuna mmoja wao anajua kuendesha hata baiskeli, na njia ya kwetu ikinyesha hata punda inafikiria mara mbili. Hao ndio wazee wangu.

Nikaenda Marachi kuuliza kama gari inaweza kupokelewa huko. Baba ya msichana akaniangalia sana. "Kijana," akasema, "gari inakamuliwa wapi?"

Nikaambia dada peke yake, jikoni, habari ya ule mshale. Nilijua atashtuka. Akaendelea kusonga ugali.

"Hiyo themanini nimeiona kabla yako," akasema. "Najua ni muongo. Lakini nikiwa ndani naskia nimeshatoka hapa. Ukiongea mbele ya wazee, utakuwa umenirudisha."

Sasa wasomaji, huyo mtu wa miwani namdharau. Wazee wangu nawadharau, Mungu anisamehe. Lakini dada siwezi. Mtama ukishavunwa wazee watakaa kupokea gari, na kwa desturi yetu mwisho wanageukia kijana wa kuoa na hizo ng'ombe, wanamuuliza kama ana neno. Nikinyamaza, msichana wa Marachi ameenda. Nikisema, dada amebaki, na hatanisamehe.

Sijawahi kuongea mbele ya watu. Nisaidieni mapema, mtama umeanza kuiva. Nifungue mdomo, ama nifunge macho kama Papa?