Saa ya Mpiga Kengele

Jumatatu, tarehe tisa Machi, manyunyu yalianza alfajiri. Mpiga kengele wa shule alitazama saa yake ya ukutani, ile kuukuu ya kutia ufunguo, akatoa dakika ishirini kama kawaida, kisha akajimiminia chai kikombe cha pili. Saa hiyo ilikuwa mbele dakika ishirini tangu alipoolewa, hazizidi wala hazipungui, na nyumba nzima ilijua kuzitoa. Kwa hesabu hiyo hakuwahi kuchelewa kazini kwa miaka kumi na tisa, na alijivunia hilo kuliko hata wajukuu zake.

Alipokaribia geti alisikia kengele inalia. Mwalimu mkuu alikuwa akiigonga mwenyewe, tai imerukia begani, wanafunzi hawana mbavu kwa kucheka.

“Bi Kengele, leo usingizi umenoga?” mwalimu mkuu alimtania.

“Mimi? Labda jua ndilo limewahi!”

Jioni alimkuta mkwe wake, fundi redio, sebuleni akitabasamu.

“Mama, umeiona saa? Jana ulipotoka niliirekebisha. Sasa inakwenda sawa na ya redioni.”

“Kumbe ni wewe! Mkwe wangu, nimekukosea nini?”

“Lakini mama, ilikuwa inadanganya.”

“Ndiyo, na uongo wake tulikuwa tumeuzoea!”



Kesho yake, hata uso hajanawa, Bi Kengele alipanda kigoda, akasogeza mshale mbele dakika ishirini, akazitoa kichwani, na akawahi getini kabla ya mwalimu mkuu.