Meno ya Plastiki

Nilipofika Marui nilimkuta dada yangu amekaa kizingitini, kichanga chake kinachemka homa na kuharisha. Jirani yetu, bibi ambaye kijiji kizima kinamwita mtoto akiugua, alikuwa amemfungua mtoto mdomo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Njoo utazame. Meno ya plastiki haya."

Kwenye ufizi wa juu, zitakapotokea chonge, palikuwa na vivimbe viwili vyeupe. Kwetu dawa yake inajulikana: vinachimbuliwa, homa inaondoka. Spoku ya baiskeli ilikwishanolewa.

Shule niliiacha mapema, ila maswali hayakuniacha. Nilipokuwa nabeba zege Kibaha, fizi zangu zilikuwa zikitoka damu, nikaenda zahanati na kumhoji daktari wa meno mpaka akacheka. Aliniambia ufizi ni nyama inayolikumbatia jino shingoni na kuufunika mfupa, uchafu usipenye. Ukiugua unaachia, na jino zima, lisilooza, linang'oka. Kwa mtoto mchanga, akasema, meno yamelala humo ndani.

"Bibi, hayo ni meno yake mwenyewe. Hayajatoka tu."

"Darasa la tano siku hizi linatoa madaktari?"

"Kaka, acha," dada akasema. "Atakufa huku mnabishana."

Nikapiga magoti, nikamshika dada miguu. Nilijua homa haitoki kwenye ufizi. Inatoka wapi, sikujua, na hilo ndilo aliloniuliza. Nilirudia tu, twende hospitali, twende, mpaka sauti ikanikauka.

Akainuka. "Akifa njiani, ni wewe."

Bodaboda ilitupeleka Kisarawe kwenye tope, na kila ilipozimika niliinamisha sikio nisikie kama mtoto anapumua. Hospitali walipima damu: malaria. Wakamtundikia dripu. Nikamuuliza muuguzi kama tumewahi. Akasema, "Tusubiri," akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Tukasubiri usiku kucha. Mtoto hakulia wala hakunyonya. Dada hakunitazama. Jua lilishapanda alipomwingiza kidole mdomoni, akakipitisha polepole juu ya ufizi, kwenye vile vivimbe, kama mtu anayejiuliza bado. Midomo ikafumba, ikaanza kukinyonya.

"Ananibana," akasema, bila kunigeukia. "Ananibana kwa nguvu."