Bi Pole na Visogo vya Watu

Siku hizi Bi Pole akiulizwa alianzaje kupiga picha za barabarani, hucheka kwanza, ndipo anaposimulia.

Wakati huo alikuwa karani wa posta, mpanga barua. Jina la Bi Pole alipewa na wenzake, kwa sababu hata barua ikikosewa anwani, yeye ndiye aliyeomba radhi. Kaka yake alipopata kazi ya mbali alimwachia kamera nzito yenye mkoba wa ngozi. "Usiifungie kabatini," alimwambia. "Hii si sahani ya wageni."

Basi kila Jumamosi, posta ikifungwa adhuhuri, aliivaa shingoni akaenda mtaa wa mafundi. Huko kulikuwa na wa saa, wa majiko, wa cherehani na wa viatu, wote wamepanga kazi zao barazani. Mkanda mmoja ulitoa picha thelathini na sita, na kila picha ilimtoa jasho. Akimwona mtu mwenye uso wa kuvutia, alijifanya anatazama dirisha la duka. Mtu akishapita, ndipo anafyatua.

Alipopeleka mkanda wa tatu kusafishwa, mzee wa studio alizipanga picha mezani, moja moja.

"Mwanangu, watu wako wamekununia?"

"Kwa nini, mzee?"

"Wote wamekupa kisogo."

Bi Pole alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini mzee hakuwa mtu wa kejeli. Alimwonyesha namna ya kupanga kamera mapema, kwa mwanga wa kivulini na umbali wa hatua tatu, ili akimfikia mtu ibaki kumsalimu tu. "Mikono ikiijua kazi," alisema, "macho hayana hofu."

Wiki nzima alifanya mazoezi jikoni, akipima hatua tatu na kuizungusha lenzi bila kuitazama, mpaka mama yake akaacha kumenya viazi. "Wewe, mbona unaninyatia kama paka?"

Jumamosi iliyofuata, hata hajatoa kamera mkobani, fundi viatu alimpigia kelele.

"We dada! Kisogo changu umekipiga mara nne. Uso umekukosea nini?"

Baraza zima likaangua kicheko. Bi Pole aligeuka aondoke, kisha akamgeukia tena.

"Haujanikosea, kaka. Nauogopa."

"Uso huu? Mke wangu anauona kila asubuhi, na bado yupo!"

Hapo akacheka mwenyewe. Fundi alimsukumia kigoda, wakazungumza habari za soli na visigino. Baadaye fundi akatia misumari midomoni, akainamia kiatu, akasahau kama ana mgeni. Bi Pole alisimama, akarudi nyuma hadi zikatimia hatua tatu, akafyatua. Fundi akainua macho, misumari ingali midomoni, kicheko kimemjaa mashavuni. Akafyatua tena.

Mkanda ule ulikuwa na picha moja tu ya maana, ile ya pili. Mzee wa studio aliiangalia, kisha akasema, "Huyu sasa ni mtu."

Alipompelekea fundi nakala yake, yule bwana wa maneno mengi aliisogeza karibu na macho. Aliifuta kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi.

"Kumbe nafanana na baba," alisema hatimaye. Baba yake ndiye aliyemfundisha ushonaji wa viatu, naye alifariki bila kuacha picha hata moja.

Tangu siku hiyo mafundi walimwita wenyewe. Si wote. Fundi redio alimfukuza mara mbili, na Bi Pole akajifunza kusema samahani na kwenda zake bila kulala na uchungu.

Mtaa ule ulikuja kuvunjwa ili barabara ipanuliwe, na mafundi wakatawanyika. Bi Pole naye amestaafu. Akifungua maboksi ya picha humjia harufu ya gundi na ya ngozi mpya, lakini hasikii zile nyundo zikigonga, na hizo ndizo anazozikumbuka zaidi.

Majuzi alimsimamisha kijana anayeuza vifuniko vya simu.

"Nikupige picha, mwanangu?"

"Utaniweka wapi, bibi?"

"Kwenye boksi, pamoja na mafundi wangu."

Kijana akaweka bidhaa zake chini, akainyoosha kola yake.